Wazee Katika Bustani za Starehe

Wengi waliosoma shuleni hapa zamani sasa ni watu wenye mvi, na watoto wao wametawanyika. Wako walio Kampala na Nairobi, na wako waliovuka bahari wakafanya kazi Marekani, wakaoa huko na kupata watoto huko. Watoto hao wakikua kidogo, wazazi wao hupiga simu nyumbani: Baba, njoo ututembelee, Mama, njoo uwaone wajukuu zako. Mzee hujitayarisha, huenda. Baada ya juma moja la kula na kulala huambiwa kwamba Jumamosi familia nzima itakwenda kutembea katika bustani ya starehe, maana wajukuu wameahidiwa tangu mwaka jana, na babu hawezi kuachwa nyumbani peke yake.

Nia yangu katika makala haya ni kueleza bustani hizo ni kitu gani, zilianzaje, na mtu wa miaka 65 au 75 aziendee kwa namna gani ili arudi na furaha, si na miguu iliyovimba tu. Msomaji kijana asifungue ukurasa mwingine akidhani kwamba mambo haya hayamhusu. Siku hiyo yeye ndiye atakayekuwa amemshika mzee mkono, na nionavyo mimi, safari za namna hii huharibiwa na vijana zaidi kuliko na uzee.

Kwanza tufahamu jina. Bustani ninayosema si bustani ya maua, ingawa maua yamo tele, wala si kiwanja cha pembea kama kile kinachowekwa mjini wakati wa sikukuu. Ni kama mji mdogo wenye mlango, uliojengwa ili watu waingie na kusahau mambo ya nje. Kila mtaa una hadithi yake: huku mji wa Marekani ya zamani, kule msitu, kule ngome ya mfalme wa hadithi za watoto. Majumba, chakula, nguo za wafanyakazi, hata mapipa ya takataka hufuata hadithi ya mtaa ule. Mtu hulipa mara moja mlangoni, kisha huweza kupanda magari, mashua na pembea za humo bila kulipa tena, isipokuwa akitaka kupunguziwa foleni, jambo nitakalolieleza mbele.

Bustani za starehe si kitu kipya. Katika mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark, iko bustani iitwayo Tivoli iliyofunguliwa mwaka 1843, na mpaka leo ipo katikati ya mji, ina taa, muziki, miti na viti vingi. Mzee aweza kukaa humo jioni nzima akisikiliza muziki asipande kitu chochote, wala hakuna atakayemshangaa. Mwaka 1951 bustani hiyo ilitembelewa na Mmarekani mmoja mtengenezaji wa sinema za katuni, Walt Disney, naye aliipenda sana.

Disney alikuwa na binti wawili. Mwenyewe alisimulia kwamba siku zake za mapumziko alikuwa akiwapeleka penye pembea ya duara, ile yenye farasi wa mbao wanaozunguka, naye akiketi kwenye benchi, akila karanga na kuwatazama. Pembea hiyo ilikuwa katika bustani ya Griffith Park, mjini Los Angeles. Pale kwenye benchi ndipo alipowaza kwamba ingefaa pawe na mahali ambapo wazazi na watoto wataweza kufurahi pamoja, si mmoja kucheza na mwingine kungoja. Basi tarehe 17 Julai 1955 akafungua bustani yake ya kwanza, Disneyland, huko Anaheim katika jimbo la California, mahali palipokuwa na mashamba ya michungwa.

Baadaye alinunua ardhi kubwa sana katika jimbo la Florida, karibu na mji wa Orlando, ili ajenge bustani nyingine iliyo kubwa zaidi. Lakini alifariki mwezi wa Desemba 1966 kazi haijaanza. Aliyeimaliza ni kaka yake Roy, mkubwa wake kwa miaka minane. Roy alikuwa karibu kustaafu, akaahirisha kustaafu kwake, akasimamia ujenzi mpaka mwisho. Bustani ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 alikuwa na umri wa miaka 78, naye akafariki Desemba ya mwaka uleule. Sanamu yake ya shaba imewekwa humo: ameketi kwenye benchi, na kando yake yuko panya wa katuni aitwaye Minnie. Nimeeleza habari hizi kwa sababu watu wengi, hata wale wanaokwenda kila mwaka, hudhani kwamba bustani hizi zilibuniwa kwa ajili ya watoto peke yao, na kwamba mzee humo ni mgeni wa kuvumiliwa. Wazo lake lilitoka kwa mtu mzima aliyechoka kungoja.

Leo mahali pale Florida panaitwa Walt Disney World. Ardhi yake ni karibu maili 40 za mraba, na ndani yake zimo bustani nne: Magic Kingdom ya mwaka 1971, EPCOT ya mwaka 1982, ile ya mambo ya sinema ya mwaka 1989, na Animal Kingdom ya mwaka 1998. Mwaka 2023 Magic Kingdom peke yake ilipokea wageni zaidi ya milioni 17. Ukigawanya kwa siku za mwaka utaona kwamba kila siku wanaingia watu wapata 48,000, na wote wana miguu miwili kama wewe na wote wanataka kupita njia ileile.

Hapo ndipo shida ya mzee inapoanzia. Si ajabu mtu kutembea maili tano au zaidi kwa siku moja humo, bila kujua, kwa sababu macho yako kwenye mambo mengine. Anayekwenda Magic Kingdom kwa gari huliacha mbali, kisha hukata tikiti, huvuka ziwa kwa kivuko au hupanda gari la reli moja linalopita juu, ndipo afike mlangoni. Kijana haoni kwamba ametembea. Mzee amekwisha choka kabla ya kuanza.

Babu yangu mimi, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, alipelekwa na watoto wake katika bustani moja ya huko. Asubuhi alisimama nao katika foleni mbili. Ya tatu alisema hapana, nao wakamwambia, Haya baba, kaa hapa utushikie mikoba. Alikaa. Mikoba ilikuwa saba, na kigari cha mtoto mchanga, na baadaye viatu vilivyolowa maji. Kila mara walipotoka katika mchezo mmoja walimhamishia benchi la karibu na mchezo wa pili. Aliporudi nyumbani tulimwuliza ameona nini, akajibu kwamba kabla ya chakula aliona migongo ya watu, na baada ya chakula aliona mikoba. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma jibu la hesabu.

Mwaka uliofuata alipoalikwa tena alitaka ramani jioni ya kuamkia safari, akaitandaza mezani, akachukua kalamu nyekundu na kuweka alama penye mambo matano anayotaka yeye. Watoto wake wakaipanga siku kwa kufuata alama zile. Wajukuu hawakukosa kitu walichokitamani sana, maana wakati babu alipokuwa katika mambo yake mjukuu mmoja au wawili walikuwa pamoja naye, na wengine walikwenda na baba yao kwenye magari ya kasi. Mikoba ilipangishiwa kabati la kufungwa kwa ufunguo, na makabati hayo yamo karibu katika kila bustani kubwa.

Sasa tuje kwenye mambo ya kutenda.

La kwanza ni majira. Katika Florida miezi ya Julai na Agosti joto la mchana hufika kiasi cha digrii 33, hewa ni nzito, na karibu kila alasiri huja mvua ya radi. Radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa na watu wote hukimbilia chini ya paa moja. Kwa mzee hii ni miezi mibaya. Mwezi wa Januari joto la mchana huwa kiasi cha digrii 22, na asubuhi kuna baridi inayotaka sweta. Mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari watu huwa wachache kidogo. Majuma ya Krismasi na Pasaka ni ya kuepuka kabisa. Tatizo ni kwamba mzee akifuatilia majira mazuri, wajukuu wako darasani, na bila wajukuu safari yenyewe haina maana. Kwa hiyo wengi hulazimika kwenda wakati wa joto. Basi kama ni hivyo, waende katikati ya juma, wafike mlango unapofunguliwa, na ifikapo saa sita warudi walikofikia, wale, walale, kisha warudi jua likipoa. Tikiti ya siku hiyo hukubali mtu kutoka na kuingia tena katika bustani ileile. Vijana hulalamika kwamba wamepoteza saa nne. Saa hizo nne ndizo ambazo foleni ni ndefu kuliko zote na jua ni kali kuliko yote.

La pili ni kiti cha magurudumu. Hapa lazima niseme wazi, kwa sababu wazee wetu huona haya. Mtu ambaye nyumbani hutembea mpaka sokoni na kanisani bila mkongojo huona kwamba akikaa katika kiti kile amekwisha kuwa mgonjwa. Lakini sokoni si maili tano, tena sokoni akichoka hukaa kwa mwenye duka anayemfahamu, akapewa na maji. Viti vya kusukumwa hukodishwa mlangoni, na vigari vya umeme ambavyo mtu hujiendesha mwenyewe pia hukodishwa, anayewahi ndiye anayepata. Babu mmoja akiendesha kigari cha umeme na mjukuu akitembea kando yake huongea njia nzima. Asiye na kigari huwa nyuma hatua ishirini, haongei na mtu.

Lakini asidhani kwamba kiti hicho kitampitisha mbele ya wengine. Kwetu mzee akifika penye foleni watu humpisha, hata kama hawamjui. Kule mvi hazihesabiwi. Njia za foleni nyingi zimejengwa pana ili kiti kipite, kwa hiyo mwenye kiti hungoja kama wengine. Upo mpango maalum wa kuwasaidia wasioweza kusimama foleni, lakini tangu mwaka 2024 umebanwa, na sasa ni hasa kwa wale wenye matatizo ya ukuaji wa akili kama vile usonji. Magoti mabovu hayatoshi. Zamani, kuanzia mwaka 1999, kulikuwa na tikiti ya bure ya kumfanya mtu arudi saa fulani bila kungoja. Mwaka 2021 mpango ule uliondolewa, na badala yake umewekwa wa kulipia. Mwenye fedha hupita haraka, asiye nazo husimama. Sioni kama jambo hili ni zuri, lakini ndivyo lilivyo, na ukiwa na fedha kidogo za ziada, zitumie hapo kabla ya kununua kofia zenye masikio ya panya.

Habari ya fedha ni fupi, nayo haifurahishi. Tikiti ya siku moja ni zaidi ya dola 100 kwa kichwa, na bei hupanda siku za sikukuu. Mtoto asiyetimiza miaka mitatu huingia bure, wa miaka mitatu mpaka tisa hupunguziwa kidogo, na kuanzia miaka kumi kila mtu ni mtu mzima. Mvulana wa miaka 10 na bibi wa miaka 80 hulipa sawa, ingawa mvulana atapanda vitu ishirini na bibi vitano. Sababu hiyo peke yake yatosha kuvichagua vile vitano kwa akili.

Kwa upande wa afya, hakuna umri wa juu wa kukatazwa. Mtoto hupimwa urefu, na akipungua inchi moja hurudishwa. Mzee hapimwi kitu. Mbele ya kila mchezo wa kasi pana ubao wenye onyo kwa wenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, maumivu ya mgongo au shingo, na wale wanaoona kizunguzungu. Ubao huo umeandikwa kwa Kiingereza, nao husomwa na watu wachache sana, maana wote wanatazama mbele. Mzee ausome mwenyewe, asimwachie mjukuu amwambie kwamba si kitu. Afadhali zaidi amwulize daktari wake huku nyumbani kabla ya kuondoka. Kila bustani ina chumba cha huduma ya kwanza chenye wauguzi, mahali pa kulala kidogo, na jokofu la kuwekea dawa zinazohitaji baridi, kama ile ya sukari. Maji baridi hutolewa bure katika mikahawa ya kuagiza dirishani. Mtu huomba tu. Nimesikia ya wazee waliokaa na kiu kwa kuogopa bei ya chupa.

Jambo jingine linalosahauliwa ni saa. Kutoka Entebbe hakuna ndege ya moja kwa moja mpaka Florida; safari huchukua siku nzima au zaidi, pamoja na kubadili ndege njiani. Mtu mzima anayekaa muda mrefu hivyo bila kunyosha miguu huweza kugandiwa na damu miguuni, basi ainuke mara kwa mara atembee katika njia ya ndege, na anywe maji. Dawa zake awe nazo mkononi, si katika sanduku lililokwenda chini. Saa za Florida ziko nyuma ya zetu kwa saa saba wakati wa kiangazi chao, na saa nane wakati wa baridi, kwa hiyo siku za kwanza mzee huamka usiku wa manane na kusinzia alasiri. Asipelekwe bustanini kabla hajapata usingizi wa siku tatu au nne. Tena awe na bima ya afya ya safari, maana hospitali za Marekani ni ghali mno, na kuvunjika mguu mmoja kwaweza kuwatia watoto wake katika deni la miaka.

Basi akisha kuingia, apande nini?

Katika Magic Kingdom iko reli iliyozunguka bustani yote, urefu wake kiasi cha maili moja na nusu. Magari moshi yake si ya kuchezea. Yalijengwa na kiwanda cha Baldwin kati ya mwaka 1916 na 1928, yakafanya kazi ya kweli huko Yucatán, Mexico, kabla ya kununuliwa na kutengenezwa upya. Mzee aliyepanda gari moshi la mvuke utotoni atajua sauti ile kabla hajaliona. Mara nyingine reli hiyo hufungwa kwa matengenezo au ujenzi, na kwa hiyo yafaa kuulizia kwanza. Pembea ya farasi wa mbao iliyo karibu na ngome ilitengenezwa mwaka 1917, na ilizungusha watoto wa Detroit na New Jersey kabla ya kuletwa Florida; asiyeweza kupanda farasi aweza kukaa katika gari lililomo kati ya farasi hao. Kuna pia mashua zinazopita polepole kati ya wanasesere wa mataifa yote wanaoimba, zilizobuniwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya New York ya mwaka 1964. Wimbo wake ni uleule mwanzo hata mwisho, na hautoki kichwani kwa siku mbili.

Kitu nilichokipenda zaidi kwa kusoma habari zake ni jumba jingine lililotoka katika maonyesho yaleyale. Watazamaji hukaa vitini, na sehemu ya viti ndiyo inayozunguka, ikiwapeleka kutoka jukwaa moja hadi jingine. Katika kila jukwaa wamo watu wa mashine wanaoonyesha maisha ya familia moja, tangu zama za taa za gesi hadi zama za umeme na vyombo vya siku hizi. Mtu haendi popote, naye amepita miaka mia moja ameketi. Kijana huliona jumba hilo ni la kuchosha. Mzee aliyeanza kusoma kwa kibatari na sasa anaongea na wajukuu kwa simu yenye picha ana la kusema akitoka hapo.

EPCOT ina njia ya kiasi cha maili moja na robo kuzunguka ziwa, na kando yake yamejengwa mabanda ya nchi kumi na moja, kutoka Mexico mpaka Kanada. Nchi moja tu ni ya Afrika, nayo ni Moroko. Mfalme wake, Hassan wa Pili, alipeleka mafundi wake kuchonga na kutia vigae. Palikuwa na mpango wa kujenga banda la Afrika ya Ikweta, lakini halikujengwa. Njia ile ni ndefu kwa mzee. Aigawe sehemu mbili, na katikati ale.

Kama siku ni moja tu, mimi ningempeleka mzee wetu Animal Kingdom, na sababu yangu ni lugha.

Humo kuna mji uitwao Harambe. Ni harambee yetu iliyopoteza herufi moja njiani. Waliousanifu, wakiongozwa na Joe Rohde, walisafiri mpaka Afrika ya Mashariki, na nyumba zake zilifuata mfano wa Lamu: kuta za chokaa zilizochakaa, milango ya mbao, vibaraza. Kwa hadithi waliyoitunga, mji huo ulipata uhuru mwaka 1961, mwaka uleule wa Tanganyika. Kibanda cha vitu vitamu kinaitwa Tamu Tamu. Duka moja linaitwa Mombasa Marketplace. Pana mahali panapoitwa Dawa Bar, na mzee atakayekwenda huko kutafuta kidonge cha kichwa atakuta chupa za pombe. Katika hoteli ya bustani hiyo, ambayo jengo lake moja linaitwa Jambo House, mikahawa inaitwa Jiko, Boma na Sanaa, na mtu asiyelala hapo aweza kwenda kula. Kutoka Sanaa huonekana twiga na punda milia wakila majani nje ya dirisha.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni mzaha, Afrika ya karatasi iliyotengenezwa na watu wa mbali ili kuuza vinywaji. Maneno hayo yana kweli ndani yake, na mzee mwenyewe huenda akayasema. Ukuta uliopakwa rangi ili uonekane umezeeka humchekesha mtu aliyehangaika maisha yake yote kuupaka ukuta wake uonekane mpya. Lakini fikiri hali ya mjukuu aliyezaliwa kule. Nyumbani kwao Kiswahili husemwa na baba kwenye simu tu. Mtoto huyu amejua maneno Simba, Rafiki, Pumbaa na Shenzi tangu sinema ya mwaka 1994 iliporudiwa mbele yake mara mia, naye hudhani ni majina matupu, kama Peter na John. Mahali pengine pote katika safari ile mjukuu ndiye anayemsomea babu vibao, ndiye anayemwonyesha namna ya kufungua mlango na kuagiza chakula kwa simu. Harambe, kwa saa mbili au tatu, babu ndiye anayesoma, na mjukuu ndiye anayeuliza.

Kutoka hapo huondoka malori yaliyo wazi pande zote, kwa safari ya dakika kama ishirini katika mbuga ya ekari 110 yenye simba, tembo, vifaru na viboko wa kweli. Njia ina mashimo yaliyotengenezwa makusudi, basi mwenye mgongo mbaya aangalie. Asubuhi mapema wanyama huwa macho na watu ni wachache. Anayechelewa mpaka mchana atangoja sana, lakini kungoja huko si bure kabisa: mjukuu akiuliza Shenzi maana yake nini, na Pumbaa je, mzee ana karibu saa nzima ya kumweleza.